Kupima udongo unaohamishwa na upepo, kimo kwa kimo: mwongozo kamili

Weka mtego mmoja wa vumbi katikati ya shamba, upepo mkali upite, kisha upime ulichokusanya: gramu sita. Shamba limepoteza udongo kiasi gani? Hujui. Mtego uleule ungefungwa sentimita 35 juu zaidi, upepo huohuo ungekupa pengine sehemu ndogo tu ya gramu. Gramu sita ni habari ya tundu moja kwenye kimo kimoja. Ili ujue shamba lilivyoguswa unahitaji kuona kiasi kinavyopungua kadiri unavyopanda kutoka ardhini, na ndiyo sababu mwongozo huu unazungumzia mlingoti wenye mitego kadhaa badala ya mtego mmoja mzuri.

Nimeandika kwa ajili ya mtu anayetaka kupima mwenyewe: mwanafunzi, afisa wa hifadhi ya maji na udongo, mkulima mdadisi, mtafiti mwenye bajeti finyu. Vifaa vingi hapa vinatengenezeka kwa mikono. Kisichokwepeka ni mizani nzuri na subira.

Udongo husafiri kwa njia tatu

Chembe kubwa, kuanzia kama nusu milimita hadi milimita moja au mbili, hazinyanyuki. Hutambaa na kubiringika juu ya ardhi, zikisukumwa na upepo na kugongwa na wenzao. Chembe za kati, takriban milimita 0.1 hadi 0.5, hurukaruka: hunyanyuka, hubebwa mbele kidogo, huanguka na kugonga ardhi, na kwa kugonga huko hurusha chembe nyingine. Chembe ndogo kuliko hapo huelea, na zile laini kabisa zinaweza kuvuka nchi kabla ya kutua.

Kurukaruka ndiko kunakoendesha kazi yote. Chembe laini za vumbi peke yake hushikana sana, na upepo mtupu hauzing'oi kwa urahisi; hung'olewa na mchanga unaorukaruka na kuzipiga. Chembe zinazotambaa nazo husukumwa na mapigo hayohayo. Mwingereza Ralph Bagnold, mwanajeshi mhandisi aliyechunguza mchanga katika jangwa la Libya na ndani ya handaki la upepo (njia ya maabara inayopulizwa upepo wa kutengenezwa) miaka ya 1930, alikadiria kwamba mchanga unaotambaa ni kama robo ya mchanga wote unaosafiri. Kwa hiyo ukipima vizuri mrukaruko, umepata sehemu kubwa ya habari. Na mrukaruko hufanyika chini sana, chini ya goti. Watu wengi huweka mitego yao mahali ambapo vumbi huonekana, usawa wa macho, wakati mzigo wenyewe unapita miguuni.

Amua swali kabla ya kununua hata msumari

Kuna maswali matatu yanayofanana kwa mbali lakini kila moja lina vifaa vyake. La kwanza: udongo kiasi gani umepita mahali hapa? Hilo linajibiwa na mlingoti mmoja au miwili. La pili: shamba limepoteza kiasi gani kwa jumla? Hapo unahitaji milingoti kwenye ukingo upepo unakoingilia na kwenye ukingo unakotokea, kwa sababu udongo unaopita si lazima uwe umetoka shambani mwako. La tatu: vumbi kiasi gani limepaa angani na kuondoka kabisa? Hili ndilo gumu, na mitego ya kawaida inalijibu vibaya. Nitalirudia.

Kuchagua mtego

Mitego miwili imetawala kazi hii kwa miaka mingi.

Wa kwanza ni BSNE, kifupi cha "Big Spring Number Eight". Ulipewa jina la mji wa Big Spring huko Texas, na D. W. Fryrear aliueleza mwaka 1986. Ni kisanduku cha bati chembamba chenye mdomo wa upana wa sentimita 2 na kimo cha sentimita 5, yaani eneo la sentimita 10 za mraba. Hewa ikiingia hukuta nafasi inapanuka, hupunguza mwendo, huangusha mzigo kwenye trei iliyo chini na kutokea juu kupitia wavu laini. Nyuma una mkia, nao huzunguka kwenye nguzo yake ukifuata upepo. Ni imara na trei yake hubeba udongo mwingi.

Wa pili ni MWAC, kifupi cha "Modified Wilson and Cooke", yaani marekebisho ya mtego ambao Wilson na Cooke waliueleza mwaka 1980. Ni chupa ya plastiki yenye mirija miwili: mmoja wa kuingizia hewa, mwingine wa kuitoa. Hakuna zaidi ya hapo. Ukiwa na fedha kidogo, anza na huu, nao ndio nitaueleza hatua kwa hatua.

Utahitaji kwa kila mtego chupa ya plastiki yenye ujazo wa mililita 100 hivi, kifuniko kinachofunga barabara, na vipande viwili vya mrija mgumu, wa kioo au plastiki, wenye kipenyo cha ndani cha milimita 8.

1. Toboa kifuniko matundu mawili yanayoubana mrija. Tundu likiwa kubwa, hewa itapita pembeni na hesabu yote itaharibika, kwa hiyo ziba mzingo kwa silikoni hata kama unadhani umebana.

2. Pinda kila mrija kwa pembe ya digrii 90 upande wa nje. Mmoja uelekee mbele, mwingine nyuma. Mdomo wa mbele ukatwe kwa kingo kali na zilizonyooka. Ukingo uliopindwa au kuchanika hubadilisha jinsi hewa inavyoingia.

3. Pima kipenyo cha kila mdomo kwa vernia (rula ya kubana inayosoma sehemu za milimita), usiamini kilichoandikwa dukani. Mdomo wa milimita 8 una eneo la sentimita 0.50 za mraba. Ukigundua ni milimita 7.5, eneo ni 0.44, na tofauti hiyo ya asilimia 12 ingeingia kimyakimya katika kila tarakimu utakayotoa.

4. Andika namba ya kudumu kwenye chupa yenyewe, si kwenye kifuniko. Vifuniko hubadilishana, nimelijua hilo kwa kulazimika kutupa data ya wiki nzima.

5. Osha, kausha, pima uzito wa chupa tupu na uuandike.

Lazimisha chupa zote zifanane. Chupa ya aina tofauti iliyoingizwa kwa sababu moja imepotea itakuletea kimo kimoja kisicholingana na vingine, nawe utatumia siku kadhaa ukitafuta sababu ya kifizikia ambayo haipo.

Mlingoti na vimo vyake

Mlingoti ni fimbo ya chuma iliyosimama ndani ya bomba fupi lililochimbiwa ardhini, ikizunguka juu ya beringi. Mkia mpana wa bati hufungwa juu kabisa ili mlingoti wote ugeuke na midomo ya chupa iukabili upepo. Chupa zilazwe mlalo, zikikingama njia ya upepo, na zipangwe zikipishana kulia na kushoto ili ya juu isiizuie ya chini. Midomo itangulie mbele ya fimbo kwa sentimita kadhaa, la sivyo utapima hewa iliyovurugwa na fimbo yako.

Usipake grisi beringi. Grisi hunasa vumbi, vumbi hugeuka kuwa gundi, na baada ya dhoruba mbili mlingoti haugeuki tena. Tumia beringi iliyofunikwa pande zote, au bomba la plastiki gumu juu ya ncha ya chuma. Jaribu kwa kupuliza mkia kwa mdomo: ukisogea, sawa.

Sasa vimo. Kosa la kawaida ni kuvigawa sawasawa: 20, 40, 60, 80, 100. Mpangilio huo hupendeza macho na kupoteza habari, kwa kuwa mzigo hupungua haraka sana karibu na ardhi na polepole juu. Vimo vinapaswa kusongamana chini na kuachana juu. Mimi huanza na sentimita 5, 10, 20, 40 na 80, kila kimo kikiwa mara mbili ya kilichotangulia. Ukiwa na chupa ya sita, ipandishe hadi mita 1.5 kwa ajili ya vumbi. Chini ya vimo vinne usijaribu. Mstari wa pointi tatu hukubali kila kitu unachomwambia.

Kimo kipimwe kutoka ardhini hadi katikati ya mdomo, siku ya kufunga na tena siku ya kufungua. Ardhi yenyewe husogea. Upepo huchimba chini ya mlingoti au hurundika mchanga, na chupa uliyoifunga kwenye sentimita 5 unaikuta kwenye 4 au 6. Katika mfano utakaouona hapa chini, sentimita moja ya aina hiyo hubadilisha jumla kwa asilimia 10, na sentimita mbili kwa zaidi ya 20 ardhi ikiwa imechimbika. Hakuna mizani ya bei yoyote itakayokuokoa na hilo. Rula ya shilingi chache ndiyo itakayokuokoa.

Mahali pa kusimamisha

Epuka kivuli cha upepo. Mti, nyumba au ua hupunguza upepo nyuma yake kwa umbali wa mara kumi ya kimo chake au zaidi. Ukiweza, jiweke mara ishirini. Barabara ya vumbi iwe mbali, kwani gari moja linaweza kujaza chupa za juu vumbi ambalo upepo wako haukulinyanyua.

Mlingoti mmoja hautoshi kwa shamba. Udongo hauondoki sawasawa: kuna mabaka yenye gamba gumu, mabaka ya mchanga mlegevu, njia za mifugo. Milingoti miwili iliyo mita 20 tu kutoka kwa kila mmoja inaweza kutoa jumla zinazotofautiana mara mbili, na zote zikawa sahihi. Ukiwa na milingoti mitano, ligawe eneo katika sehemu tano na katika kila sehemu uchague mahali kwa kura. Jicho lako likiachiwa lichague, litapenda mahali penye vumbi.

Kabla ya upepo kuja, piga picha ya ardhi kuzunguka kila mlingoti na uchote udongo wa sentimita moja ya juu. Ukaushe na uuchekeche. Sehemu inayopita kwenye matundu ya milimita 0.84 ndiyo huhesabiwa kuwa inayoweza kubebwa na upepo, kigezo kilichotokana na kazi za W. S. Chepil katikati ya karne iliyopita. Kama sehemu hiyo ni ndogo na juu kuna gamba, usishangae chupa zikirudi tupu. Unyevu wa safu hiyo nao uuandike. Maji kidogo tu kati ya chembe yanatosha kuzishikanisha.

Upepo wenyewe

Bila kipimo cha upepo utajua kiasi kilichopita lakini hutajua kwa nini. Anemomita (kifaa cha kupima kasi ya upepo) moja kwenye mita 2 ni kiwango cha chini. Mbili ni bora zaidi, kwa mfano kwenye nusu mita na mita 2, kwa sababu tofauti yao hukupa kasi ya msuguano, yaani kipimo cha nguvu ambayo upepo unaiburuta nayo ardhi.

Hesabu yake: toa kasi ya chini kutoka kasi ya juu, zidisha kwa 0.4, gawa kwa logi asilia (kitufe cha ln kwenye kikokotoo) ya uwiano wa vimo. Kasi zikiwa mita 6.0 na 7.9 kwa sekunde, tofauti ni 1.9. Ukizidisha kwa 0.4 unapata 0.76. Mita 2 ni mara 4 ya nusu mita, na logi asilia ya 4 ni 1.386. Kasi ya msuguano ni mita 0.55 kwa sekunde. Mchanga mkavu ulio huru huanza kuondoka kwenye mita 0.2 hadi 0.3 hivi kwa sekunde, kwa hiyo hapo tuko juu kabisa ya kizingiti.

Rekodi wastani wa dakika moja, usirekodi wa saa. Bagnold alionyesha kwamba mchanga unaobebwa huongezeka kwa mchemraba wa kasi ya msuguano: kasi ikiwa maradufu, mzigo huwa karibu mara nane. Saa yenye dakika kumi za upepo mkali na dakika hamsini za utulivu ina wastani mpole, na wastani huo utakuambia hakuna kilichotokea huku chupa zako zimejaa.

Ukiweza, ongeza kihisi cha mapigo, kile chenye fuwele ya piezo inayotoa umeme kila inapogongwa na chembe. Hakiwezi kukuambia kilo, lakini kinakuambia dakika ambayo mchanga ulianza kuruka na dakika ulipokoma. Hapo ndipo kizingiti cha shamba lako kinapoonekana.

Siku ya upepo

Fungua mitego mapema, si upepo ukishaanza. Acha chupa moja kwenye mlingoti mirija yake ikiwa imezibwa. Hiyo ni shahidi. Ikirudi na uzito ulioongezeka, tatizo liko kwenye ushikaji au mizani yako.

Usikae katikati ya shamba kutazama. Vumbi la udongo lina silika, na mapafu hayaisafishi. Vaa barakoa inayochuja chembe laini na miwani iliyofunika pembeni, na kukiwa na radi achana na milingoti ya chuma kabisa.

Upepo ukitulia, pima vimo tena, kisha toa chupa, ziba mirija palepale, weka kila moja wima. Angalia ndani ya mirija: buibui wanaipenda sana, na utando mmoja mdomoni umeshanipa kimo chenye sifuri katikati ya dhoruba. Mvua ikinyesha kabla hujakusanya, andika hivyo kwa herufi kubwa. Matone hurusha udongo hadi kwenye mitego ya chini, na udongo huo haukuletwa na upepo. Kuna wanaojaribu kuurekebisha kihesabu. Mimi huondoa chupa za sentimita 5 na 10 za tukio hilo, au tukio lote.

Chupa ikiwa imejaa kiasi cha udongo kukaribia mrija, isihesabiwe. Kuanzia hapo ilikuwa ikirudisha ilichopokea.

Maabara

Suuza chupa na mirija yake kwa maji yaliyotoneshwa, mimina kwenye bakuli la uzito unaojulikana, kausha kwa nyuzi 105 za Selsiasi hadi uzito usibadilike, kwa kawaida usiku mzima. Ukitaka kupima mabaki ya viumbehai au naitrojeni baadaye, kausha kwa joto la chini zaidi. Toa wadudu na majani kwa kibano. Mizani isome hadi gramu 0.001, kwa sababu chupa ya juu mara nyingi hubeba vumbi lisilofika hata gramu 0.1.

Hesabu

Tuseme chupa tano zenye midomo ya sentimita 0.50 za mraba zimerudi na uzito huu: kwenye sentimita 5, gramu 6.07, kwenye 10, gramu 3.68; kwenye 20, gramu 1.35, kwenye 40, gramu 0.18, kwenye 80, gramu 0.05.

Gawa kila uzito kwa eneo la mdomo. Unapata mtiririko wa kila kimo, kwa gramu kwa kila sentimita ya mraba: 12.14, 7.36, 2.70, 0.36 na 0.10.

Sasa chukua logi asilia ya kila moja: 2.497, 1.996, 0.993, −1.022 na −2.303. Chora grafu, vimo chini, logi pembeni. Pointi nne za kwanza zinakaa kwenye mstari ulionyooka ambao hushuka 0.10 kwa kila sentimita. Ukiurefusha hadi ardhini unakata kwenye 3.0, na antilogi yake ni 20. Kwa hiyo mtiririko ardhini ni gramu 20 kwa sentimita ya mraba, nao hupungua kwa kipimo cha sentimita 10, ambacho ni 1 gawa kwa mteremko wa 0.10.

Jumla ya kilichopita, kutoka ardhini kwenda juu, ni zao la namba hizo mbili: 20 mara 10, gramu 200 kwa kila sentimita ya upana unaokingama upepo. Hiyo ni kilo 20 kwa kila mita ya upana. Katika mstari huu asilimia 39 ya mzigo ilipita chini ya mtego wa kwanza, na asilimia 95 chini ya sentimita 30.

Tazama tena hiyo asilimia 39. Zaidi ya theluthi moja ya jibu lako haikupimwa na chupa yoyote. Ilitokana na kurefusha mstari. Ndiyo maana mtego wa chini kabisa una uzito kuliko mingine yote, na ndiyo maana nilikazania rula.

Pointi ya tano je? Mstari unatabiri 0.007 kwenye sentimita 80, nasi tumepima 0.10, mara kumi na tano. Ukiiingiza kwenye mstari pamoja na nyingine, mteremko hulala na jumla hushuka hadi kama kilo 17.6. Kompyuta itafanya hivyo bila kukuonya. Pointi hiyo haijakosea. Inaeleza kitu kingine: juu ya nusu mita mrukaruko umekwisha, na kinachobaki ni vumbi linaloelea, ambalo hupungua kwa kimo polepole zaidi. Ipe mstari wake. Wengi hutumia mkunjo wa kipeo (kimo kikipandishwa kwenye kipeo kisichobadilika) kwa sehemu ya juu, na ule wa eksponenti (kama mstari wetu wa logi) kwa sehemu ya chini. Chora grafu kwa macho yako kwanza, ndipo uamue mstari upi unaishia wapi.

Wala usiidharau kwa udogo wake. Mtiririko wa 0.10 ungebaki hivyo hadi mita 10 juu, ungekuwa gramu 100 kwa sentimita, nusu ya kila kilichopita chini. Haubaki hivyo, hupungua, lakini vumbi lina anga lote la kujaa.

Kutoka kilichopita hadi kilichopotea

Kilo 20 kwa mita ni kilichopita, si kilichopotea. Tuseme mlingoti wa ukingo wa kuingilia ulipata kilo 8 kwa mita na ule wa ukingo wa kutokea kilo 20, na umbali kati yao kufuata upepo ni mita 100. Tofauti ni 12. Gawa kwa 100, unapata kilo 0.12 kwa mita ya mraba, sawa na tani 1.2 kwa hekta.

Tani 1.2 zinasikika nyingi. Kwa udongo wa kilo 1,400 kwa mita ya ujazo, ni tabaka la milimita 0.09. Hakuna jicho litakaloliona, na msumari wa kupimia kina ulioupigilia ardhini hautalisoma kamwe. Misumari hiyo inafaa kwa mchanga unaohama kwa miaka, haifai kwa dhoruba moja.

Upepo ukigeuka katikati ya tukio, ukingo wa kuingilia nao unageuka. Kumbukumbu ya mwelekeo wa upepo ndiyo itakayokuonyesha kama hesabu hii bado ina maana.

Vumbi laini

Mitego ya chupa na visanduku hukamata mchanga vizuri. Vumbi laini hufuata hewa, na hewa ikitoka nalo hutoka: BSNE hukamata karibu asilimia 40 tu ya chembe zilizo chini ya maikromita 10. Kwa hiyo uzito wa chupa za juu uuchukulie kama kiwango cha chini.

Ukitaka vumbi lenyewe, pima mkusanyiko wa chembe hizo hewani kwenye vimo viwili kwa vifaa viwili vinavyofanana, na uvikalishe pamoja kwenye kimo kimoja kwa siku nzima kabla ya kuvitenganisha, ili ujue vinatofautiana kiasi gani vyenyewe. Kisha hesabu ni ndugu ya ile ya upepo: 0.4, mara kasi ya msuguano, mara tofauti ya mkusanyiko, gawa kwa logi asilia ya uwiano wa vimo. Mkusanyiko ukiwa maikrogramu 800 kwa mita ya ujazo kwenye mita 1, na 500 kwenye mita 3, na kasi ya msuguano 0.55, unapata maikrogramu 60 zinazopaa kwa kila mita ya mraba kila sekunde. Tahadhari moja: vihisi vidogo vya leza vya bei nafuu vimeundwa kwa moshi, na huhesabu pungufu mno chembe kubwa za udongo. Vinaonyesha vumbi limeanza saa ngapi. Usivitegemee kwa kiasi.

Kinachotua na kinachotambaa

Vumbi linalotua hupimwa kwa sinia pana yenye tabaka la gololi za kioo. Gololi huzuia upepo kulinyanyua tena lililokwisha kutua. Iinue mita moja au mbili ili mchanga unaoruka usiingie, iache wiki kadhaa, suuza gololi, kausha, pima, gawa kwa eneo la sinia na idadi ya siku.

Kwa chembe zinazotambaa, chimbia kikopo mdomo wake ukiwa sawa kabisa na ardhi. Ukingo ukichomoza milimita mbili hautapata kitu. Ukizama, mchanga utamwagika wenyewe kutoka pembeni. Kikague kila baada ya tukio na ulinganishe upya ardhi inayokizunguka kwa brashi, ukikaa upande upepo unakoelekea ili nyayo zako zisiwe sehemu ya data.